Nyonga imepona, mguu bado unawaka: mwongozo kamili wa kutibu maumivu ya neva baada ya kubadilishiwa nyonga

Mshono umekauka, eksirei inaonyesha nyonga bandia imekaa mahali pake, lakini usiku paja linawaka moto au unyayo unapigwa na kitu kama stima. Maswali kuhusu maumivu ya aina hii yanaendelea kuja kutoka Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma, na ukiwasikiliza wanaouliza utaona wengi wamekwama mahali pamoja. Wanaitibu neva, yaani mshipa wa fahamu, kama wanavyotibu kidonda. Wanameza diclofenac, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, wiki baada ya wiki, na wakipewa dawa yenyewe ya neva wanaijaribu siku tatu, wanaona maumivu bado yapo, wanaiacha kabatini.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani, na wa binti, mke au mkaza mwana anayemtunza. Ufuate kwa mpangilio. Hauchukui nafasi ya daktari. Kazi yake ni kukufikisha kwa daktari ukiwa na habari anazozihitaji, kisha kukusaidia kuitumia dawa atakayokuandikia mpaka ifanye kazi.

## Kwanza kabisa: dalili zisizongoja

Ukiwa na moja ya hizi, acha kusoma na uende hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku. Tafuta gari, usipande boda boda.

- Unyayo umeshindwa kuinuka ghafla, au ganzi inaongezeka saa baada ya saa huku tako au paja likivimba na kukaza. Huenda damu imejikusanya ndani na inaibana neva. Ikiondolewa mapema neva ina nafasi ya kupona. Ikichelewa, ulemavu unaweza kubaki.
- Maumivu makali yamekuja ghafla, pengine na mlio, na mguu umekuwa mfupi au umegeuka. Nyonga inaweza kuwa imeteguka au mfupa umevunjika.
- Una homa, mshono unatoa usaha, au ngozi yake ni nyekundu na ina joto.
- Kigimbi kimevimba na kinauma, au kifua kinauma na pumzi zinakatika. Hiyo yaweza kuwa damu iliyoganda.
- Mkojo au choo hakizuiliki, au mkojo hautoki, na sehemu za siri zimekufa ganzi.

## Utakavyohitaji

Viandae vyote kabla ya kuanza.

- Barua uliyopewa ulipotoka wodini, pamoja na maelezo ya upasuaji wenyewe. Hayo ya pili wengi hawana. Yaombe, ni haki yako. Yanaonyesha kama daktari alipitia mbele, pembeni au nyuma ya nyonga, na njia hiyo inasaidia kukisia ni neva gani iliyoguswa.
- Dawa zako zote katika pakiti zake: za presha, za sukari, za TB, ARV, hata za mitishamba.
- Daftari, na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Pamba, kijiko cha chuma, kitambaa laini cha zamani, na taulo iliyokauka ikawa ngumu.
- Leso moja ndefu.
- Kioo kidogo cha mkononi.
- Kiti kirefu chenye mikono, na kiti cha choo. Kama nyumbani ni choo cha shimo, fundi mbao anaweza kukata tundu kwenye kiti imara na kukiweka juu ya shimo.
- Viatu vinavyofungwa, vyenye soli isiyoteleza.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni neva

Sababu ya hatua hii ni rahisi: dawa za maumivu ya mfupa na misuli haziisaidii sana neva, na za neva hazitasaidia kitu kama nyonga imelegea au ina maambukizi.

Maumivu ya neva yana lugha yake. Yanawaka, yanachomachoma, yanarusha stima, yanawasha, au yanaleta ubaridi unaouma. Mara nyingi huja hata ukiwa umelala tuli, na huzidi usiku. Maumivu ya kiungo au msuli kwa kawaida hukutafuta unapokanyaga au kugeuka, na hupungua ukipumzika.

Sasa jipime. Funga macho, mtu akupitishie pamba polepole kwenye mguu mzima kwanza, kisha kwenye mguu wenye shida. Rudia kwa kijiko kilichotoka kwenye maji baridi. Unatafuta mambo mawili: mahali ambapo hausikii vizuri, na mahali ambapo mguso mwepesi wa pamba unauma. Yakiwepo hayo pamoja na mchomo au stima, neva inahusika kwa kiwango kikubwa.

Kipande kidogo cha ganzi kando ya kovu ni jambo la kawaida, kwa sababu vijineva vya ngozi hukatwa wakati wa kupasua. Hupungua chenyewe kwa miezi, na kisipouma hakihitaji dawa.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya mguu wako

Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayomwokolea daktari muda. Chora miguu miwili kwenye daftari, mbele na nyuma. Kalamu moja ipake panapouma, nyingine panapokufa ganzi. Andika tarehe. Kisha linganisha.

Upande wa nje wa paja, kutoka nyongani hadi karibu na goti. Hiyo ni neva ya ngozi ya paja. Huwasumbua zaidi waliopasuliwa kupitia mbele. Haiendeshi msuli wowote, kwa hiyo mguu hauwi dhaifu, na mara nyingi hutulia.

Mbele ya paja na upande wa ndani wa muundi, huku goti likikunjika lenyewe unaposimama. Hapo ni neva ya femorali. Hatari yake kubwa ni kuanguka.

Nyuma ya paja, nje ya muundi, na juu ya unyayo. Hii ni neva ya siatiki, kubwa kuliko zote mwilini, nayo hupita nyuma kabisa ya kiungo cha nyonga. Inaweza kuvutwa mguu unaporefushwa, au kubanwa na vyuma vya kushikilia nyama wakati wa upasuaji. Tawi lake linaloinua unyayo ndilo huumia kwa urahisi zaidi.

Pima nguvu pia. Kaa kwenye kiti kirefu, kisigino sakafuni, inua unyayo na kidole gumba kuelekea kwako. Kisha nyoosha goti. Linganisha na mguu wa pili. Unyayo usipoinuka, hata kama hauumi, hiyo si habari ya kungojea kliniki ya mwezi ujao. Piga simu hospitalini siku hiyo hiyo, na kama umeshindwa ghafla, nenda sasa hivi kama nilivyosema mwanzoni.

Angalia mambo mengine mawili. Kama maumivu yanaanzia kiunoni na yanateremka ukikohoa, huenda chanzo ni uti wa mgongo. Wengi walioharibika nyonga wana mgongo uliochakaa pia. Na kama nyayo zote mbili zina ganzi, nyonga pekee haiwezi kuwa sababu. Fikiria kisukari, VVU, pombe ya muda mrefu, upungufu wa vitamini B12, au isoniazid, dawa ya TB ambayo huchosha neva pale mgonjwa asipopewa vitamini B6 pamoja nayo.

## Hatua ya 3: Rudi kliniki na daftari lako

Anza na hospitali iliyokupasua, kwa sababu faili lako liko huko. Kama ni mbali, kliniki ya mifupa ya hospitali kubwa iliyo karibu inaweza kukuona ukiwa na barua: Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, hospitali ya rufaa ya Nakuru wengi wanayoijua kama PGH, au Moi kule Eldoret. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Kabla ya kufanyiwa kipimo chochote cha bei, pita kwenye dawati la SHA uulize kinacholipwa na kisicholipwa, na kama michango yako imekamilika.

Ukiingia kwa daktari, usiseme tu "mguu unauma". Sema hivi: "Daktari, tangu wiki ya pili baada ya upasuaji, nje ya muundi na juu ya unyayo panawaka. Usiku ni nane kwa kumi. Pamba ikipita hapa inauma. Kidole gumba kinainuka nusu tu. Nimetumia diclofenac na panadol, hazijasaidia." Kisha mwonyeshe ramani.

Daktari atataka kuona eksirei, kupima urefu wa miguu, na kuhakikisha hakuna maambukizi. Omba pia kupimwa sukari, kazi ya figo, na vitamini B12, hasa kama umetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza B12 mwilini. Kuna kipimo cha umeme cha neva na misuli. Kikifanywa mapema mno kinaweza kupotosha. Baada ya wiki 3 au 4 tangu neva iumie ndipo majibu yake yanaaminika.

Umefaulu hatua hii ukitoka na mambo matatu yaliyoandikwa: jina la neva inayoshukiwa, dawa na namna ya kuipandisha, na tarehe ya kurudi.

## Hatua ya 4: Tumia dawa ya neva hadi ifanye kazi

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa hapa.

Dawa ya neva haimezwi maumivu yakija. Humezwa kwa saa, kila siku, hata siku ambayo mguu umetulia. Inapunguza kelele za neva kidogo kidogo, na kipimo huanza chini kwa makusudi ili mwili uizoee. Siku tatu za kwanza hazikuambii lolote kuhusu kama itakusaidia. Wiki 4 hadi 8, ukiwa umefika kipimo kinachofaa, ndizo zinazokuambia.

Amitriptyline. Ni ya bei nafuu na inapatikana kwa urahisi. Kawaida huanza na miligramu 10, saa moja au mbili kabla ya kulala, ikipandishwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Hukausha mdomo, hufunga choo na huleta usingizi wa asubuhi. Watu wengine huiona kwenye intaneti kuwa ni dawa ya msongo wa mawazo na kudhani wameambiwa maumivu yao ni ya kichwani. Si hivyo. Kwa kipimo kidogo hutumika kutuliza neva. Mwambie daktari kama una shida ya moyo, presha ya macho, au tezi dume iliyokua. Kwa mzee wa miaka 70 na zaidi iangaliwe kwa makini, kwa sababu kizunguzungu cha usiku kinaweza kumwangusha juu ya nyonga mpya.

Gabapentin. Mfano wa kawaida ni kapsuli moja ya miligramu 300 usiku kwa siku kadhaa, kisha asubuhi na usiku, kisha mara 3 kwa siku. Wazee na wenye figo dhaifu huanza chini zaidi, kwa kuwa figo ndiyo inayoitoa mwilini. Wengi hukwama kwenye kapsuli ile moja ya usiku kwa miezi, wakisema haifanyi kazi, ilhali hawakuwahi kupandishiwa. Muulize daktari wazi: "Nipandishe lini, na hadi wapi?" Ukitumia dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu, acha saa 2 zipite kabla ya kumeza gabapentin.

Pregabalin hufanya kazi kwa njia inayofanana, na kwa kawaida humezwa mara 2 kwa siku. Usizimeze zote mbili pamoja. Duloxetine ni chaguo jingine zuri, hasa kwa mwenye kisukari.

Maonyo manne, na kila moja lina uzito wake:

1. Usichanganye gabapentin au pregabalin na chang'aa, busaa, bia, tramadol au morphine bila daktari kujua. Pumzi inaweza kupungua usingizini.
2. Usiongeze tramadol ya duka la dawa juu ya amitriptyline au duloxetine. Mchanganyiko huo unaweza kuleta kifafa.
3. Usiache dawa ya neva ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua.
4. Anayetumia ARV yenye dolutegravir asikubali carbamazepine, dawa ya kifafa ambayo pia hutumika kwa maumivu ya neva, kabla daktari wa kliniki yake kujua. Hupunguza nguvu ya ARV.

Na diclofenac? Kama bado unaimeza kwa ajili ya mguu unaowaka, muulize daktari kuhusu kuiacha. Kwa muda mrefu huumiza tumbo na figo na kupandisha presha, na maumivu ya neva hubaki palepale. Sindano na vidonge vya vitamini B navyo huuzwa sana. Husaidia kweli kama umepungukiwa na vitamini hizo. Kama hujapungukiwa, usitarajie nafuu, na B6 nyingi kwa miezi mingi yenyewe huleta ganzi.

Andika namba ya maumivu kila asubuhi na kila usiku, 0 hadi 10, na saa ulizolala. Mara nyingi usingizi hutengemaa kwanza. Namba ikishuka kutoka 8 hadi 5, dawa inafanya kazi, hata kama bado hujafurahi. Hapo ndipo pa kupandisha kipimo, si pa kuacha.

## Hatua ya 5: Ifundishe ngozi upya

Kama shuka au suruali ikigusa paja unaruka, usiifunike ngozi hiyo na kuilinda siku nzima. Kadiri inavyofichwa ndivyo inavyozidi kuwa kali. Mshono ukishapona kabisa, anza na pamba au kitambaa laini, dakika 5, mara 3 kwa siku. Anzia ngozi yenye afya, ingia polepole sehemu inayouma, ukiitazama. Ukivumilia siku kadhaa mfululizo, hamia kitambaa kigumu zaidi, kisha taulo.

Usisugue hadi kuchubuka. Mafanikio ni kuvaa suruali na kulala chini ya shuka bila kuhesabu dakika.

Pilipili na marhamu kali za kuchua zisikaribie kovu jipya. Wakandaji wa mifupa tunawaheshimu, na wapo waliosaidia wengi, lakini nyonga bandia haikandwi wala haivutwi. Inaweza kuteguka.

## Hatua ya 6: Msogeze mgonjwa, lakini kwa kanuni za nyonga

Neva hupenda kuteleza, haipendi kuvutwa. Mtaalamu wa fiziotherapia akikubali, fanya hivi: kaa kwenye kiti kirefu, mgongo wima. Nyoosha goti taratibu huku ukiinua uso kutazama dari, kisha kunja goti huku ukishusha kidevu. Mara 10, asubuhi na jioni. Koma kabla maumivu hayajaanza. Stima ikibaki baada ya zoezi, umezidisha, punguza nusu.

Unyayo ukining'inia, lala chali, zungushia leso chini ya vidole na uvute unyayo taratibu kuelekea kwako. Shikilia kwa sekunde 30, mara kadhaa kwa siku. Usipofanya hivyo kigimbi hukaza, na hata neva ikipona unyayo hautapanda. Omba pia kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo, kinachovaliwa ndani ya kiatu. Hospitali kubwa za rufaa zina mafundi wa vifaa hivyo. Ukikivaa vizuri, vidole haviburuti tena chini.

Kwa waliopasuliwa kupitia nyuma, katika wiki 6 hadi 12 za kwanza, au kama daktari alivyosema: goti lisipande juu ya nyonga, miguu isipishane, vidole visigeuke ndani. Nyumbani maana yake ni kwamba kigoda cha jikoni kinapumzika, jiko linainuliwa mezani, kuchuchumaa chooni kumekwisha, na palizi wanafanya wengine. Mama mkwe asiyeweza kukaa bila kazi apewe kuchambua mboga akiwa kwenye kiti kirefu.

## Hatua ya 7: Ulinde mguu uliokufa ganzi

Ganzi haiumi, ndiyo maana inadanganya. Pima maji ya kuoga kwa kiwiko. Usiweke chupa ya maji moto juu ya ngozi isiyosikia, wala usiote moto karibu na jiko. Usitembee peku, hata uani. Kila jioni kagua unyayo kwa kioo, na kutikisa kiatu kabla ya kuvaa kuwe desturi. Mwenye kisukari akiona lengelenge aende zahanati kesho yake asubuhi.

## Hatua ya 8: Pima matokeo na uamue kinachofuata

Wiki ya 8, fungua daftari. Chora ramani mpya kando ya ile ya kwanza.

Namba ikiwa imeshuka kwa theluthi au zaidi na unalala, endelea. Isiposhuka licha ya kumeza kila siku kwa kipimo kizuri, dawa hiyo imepewa nafasi yake. Rudi ukabadilishiwe, au uongezewe ya pili kutoka kundi tofauti. Bado kuna sindano ya ganzi kando ya neva, bandeji zenye dawa ya ganzi ya lidocaine, mashine ya umeme mdogo ya fiziotherapia, na mara chache upasuaji wa kuifungua neva iliyobanwa. Uliza kuhusu rufaa kwa mtaalamu wa maumivu. Na kama maumivu yamekuondolea hamu ya kula, ya watu, au ya kuishi, lisemwe siku hiyo hiyo kliniki. Nalo lina tiba.

Kuhusu muda, ujue mapema usije ukakata tamaa. Neva iliyobanwa kidogo hurudi kwa wiki au miezi michache. Iliyoumia zaidi hukua upya takribani milimita 1 kwa siku, sentimita 3 hivi kwa mwezi. Kutoka nyongani hadi misuli ya muundi ni safari ya zaidi ya mwaka, na mabadiliko yanaweza kuonekana hadi miezi 18 au 24. Ukihisi mchomo umehama kutoka paja kwenda muundi, kisha kuelekea unyayo, huku ganzi ikipungua nyuma yake, mara nyingi hiyo ni neva inayokua. Iandike tarehe na umwonyeshe daktari.

Maumivu yakikaa chini ya 3 kwa miezi mitatu mfululizo, omba mpango wa kupunguza dawa. Kwa gabapentin huwa ni kapsuli moja chini kwa wiki. Yakirudi, panda tena kwenye kipimo cha mwisho kilichokutuliza, kaa hapo miezi mingine, kisha ujaribu upya.